Kucheza Kando ya Mtoto

Mtoto wa miezi kumi hutia vibanio vya nguo ndani ya gorogoro, mkebe wa kupimia nafaka, kimoja baada ya kingine, kisha huishika kwa mikono miwili, akaipindua na kuvimwaga vyote mkekani. Halafu anakutazama. Anachotaka ni uonyeshe kwamba umeona. Ukishaonyesha, anaanza upya. Mchezo huu hauna mshindi, hauna zamu, hauna mahali pa kuishia, na mtu mzima aliyeketi naye huanza kuhisi mgongo, kisha magoti, kisha simu iliyo mfukoni. Saa nne ya asubuhi usingizi unamjia mtu aliyelala usiku kucha.

Nayasema haya nikiwa baba anayeshinda nyumbani Kitale na binti yake siku nyingi za wiki, mama yake akiwa kazini. Nayasema wazi kwa sababu huku kwetu hayasemwi. Mtoto ni baraka, na kuna nyumba zinazomlilia Mungu zipate huyo wa kumwaga vibanio. Basi anayechoshwa na mchezo wa mtoto hunyamaza, akidhani uchovu wake ni upungufu wa mapenzi. Mimi siamini hivyo. Mapenzi yanaweza kuwa mazima kabisa na mchezo ukachosha vilevile. Tena naamini kuna namna ya kuutoka uchovu huo, ila haipo pale wengi wetu tunapoitafuta.

Kwanza niulize: kazi hii ya mtu mzima kuketi sakafuni na kuchezea vidude vya mtoto imetoka wapi? Mama yangu anaishi nje kidogo ya mji wa Bungoma, upande wa Kanduyi. Siku moja alinikuta nimelala kifudifudi sebuleni kwake nikisukuma kigari cha plastiki. Akasimama mlangoni, akanitazama.

"Papa," akaniita, jinsi mama wa kwetu anavyomwita mwanawe, "watoto wa hapa wameenda wapi?"

"Wako shule, mayi."

"Wote?"

Wote. Swali lake lilikuwa la kweli, wala hakuwa akinicheka. Alipokuwa akitulea sisi, mtoto mchanga alikuwa na mlezi: msichana wa miaka saba au minane, dada mtu au binamu, aliyembeba mgongoni kwa leso huku mama akipalilia. Mlezi huyo hakuwa anamchezea mtoto. Alikuwa anacheza kalongolongo yake mwenyewe na wenzake, anapika udongo kwenye vifuniko, anaozesha wanasesere wa magunzi, na mtoto alikuwa humo ndani ya mchezo, mara mgeni wa arusi, mara mgonjwa, mara mzigo wa kuwekwa kivulini. Mwenye miaka saba hachoshwi na kujaza na kumwaga. Umri wake bado uko jirani na jambo hilo.

Robert LeVine, mwanaanthropolojia wa Marekani, pamoja na wenzake waliishi na Wagusii katika miaka ya 1970, na mwaka 1994 wakatoa kitabu kuhusu malezi waliyoyaona. Akina mama waliowachunguza walijali sana mtoto ashibe, atulie, asilie, asiugue. Kumchangamsha kwa maneno na michezo hakukuwa kazi yao. Kuzungumza na kiumbe asiyeelewa lugha kulionekana kwao jambo lisilo na maana. Mahali pengine watu wazima walikuwa na shughuli nyingine na watoto wao. Huko Kokwet, kijiji cha Wakipsigis, Charles Super alionyesha mwaka 1976 kwamba watoto waliketi na kutembea mapema kuliko wenzao wa Marekani, kwa sababu walifundishwa: mtoto alichimbiwa kishimo kidogo ardhini akakalishwa humo, mgongo ukiegemea ukingo. Kutambaa, ambako hakuna aliyekufundisha, hakukuwahi vile. Kwetu mama yangu alitumia karai lililojazwa leso. Wazee, basi, hawakuwapuuza watoto. Waliwalisha, waliwakalisha, waliwasimamisha, na mchezo wakawaachia wanaoufurahia.

Januari 2003 elimu ya msingi ikawa bila malipo nchini Kenya, na madarasa yakafurika. Sina hamu hata kidogo ya kumtoa msichana wa miaka minane darasani aje kumshikia mtu mtoto. Lakini ukweli ni kwamba kengele ya shule ilipowaita walezi, mchezo wa mtoto ulibaki bila mchezaji. Ongeza na nyumba zetu za kupanga mjini, chumba na sebule, lango la chuma, jirani usiyemjua jina. Ndani ya nyumba hiyo wanabaki wawili, mmoja ana miezi kumi na mwingine ana miaka thelathini na kitu, na katikati yao kuna rundo la plastiki.

Plastiki hiyo inastahili kusemwa. Katika mji wa Kitale utaipata popote, imepangwa juu ya gunia kando ya barabara au inaning'inia kwenye kibanda: simu inayoimba, usukani wenye taa, mbwa anayetembea hatua nne na kubweka. Kuna na zile za mitumba, ambazo zimekwisha kutafunwa na mtoto wa nchi nyingine. Kinachonisumbua katika simu inayoimba ni kwamba imemaliza kila kitu yenyewe. Unabonyeza, inaimba. Unabonyeza tena, wimbo uleule. Haimwachii mtu mzima nafasi ya kufanya lolote, na mtoto naye, baada ya siku mbili, anaona afadhali aitafune. Binti yetu anaipenda ile simu zaidi tangu betri zilipokwisha. Sasa ni nyundo, ni daraja, ni kitu cha kumpa baba na kumnyang'anya.

Gorogoro ni habari nyingine. Ni mkebe wa kilo mbili hivi, unaotumika kupimia nafaka katika kila soko la magharibi mwa Kenya. Gorogoro arobaini na tano zinajaza gunia la kilo tisini. Katika soko la mji huu, ambako Kampuni ya Mbegu ya Kenya ilianzishwa mwaka 1956 na ambako mahindi chotara ya H611 yalizinduliwa mwaka 1964, watu wazima wenye akili timamu wanashinda kutwa wakijaza mkebe na kuumwaga. Nimewatazama akina mama wauza mahindi. Kila mmoja ana mkono wake. Kuna anayetia taratibu ili punje zisishikamane, kuna anayetikisa mkebe kidogo kwa mteja aliyemzoea, kuna anayeacha kilele kirefu juu na kukikata kwa kiganja dakika ya mwisho. Hakuna gorogoro mbili zinazojazwa sawasawa, na mnunuzi anajua, ndiyo maana macho yake hayatoki pale.

Nilipotoka sokoni na kumtazama binti yangu na vibanio vyake, niliona mambo mengi zaidi. Alikuwa anamwaga kutoka urefu tofauti. Juu ya mkeka, kisha sentimita chache nje ya mkeka, juu ya saruji, ambako vibanio vinalia na kutawanyika. Aliposikia sauti ile alirudia palepale mara kadhaa, kisha akajaribu juu ya mguu wangu. Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi, aliandika jambo kama hili katika kitabu chake cha mwaka 1936. Mwanawe Laurent, akiwa na miezi kumi, amelala chali anashika bata maji wa kuchezea, kisha kijisanduku, ananyoosha mkono na kukiachia. Anabadilisha mahali pa kuachia. Kitu kikiangukia pahali papya, juu ya mto kwa mfano, anarudia palepale mara mbili au tatu, halafu anabadilisha tena. Baba mtu alikuwa ameketi pembeni na kalamu. Alichokiona si marudio. Kila mara kulikuwa na swali jipya, nalo lilikuwa dogo mno kwa jicho linalongoja mchezo uishe.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kinachotuchosha. Mtoto anarudia jambo ambalo kwake halijajibiwa. Sisi tunarudia jambo ambalo kwetu halikuwa swali kamwe. Tunapiga makofi, tunasema "Eeee!", tunarudisha vibanio, na ndani yetu hakuna tunachotaka kujua. Kumchangamsha mtu mwingine bila wewe mwenyewe kuchangamka ni kazi ngumu kuliko kupasua kuni, na watoto, kwa jinsi ninavyoona, hutambua. Hutazama makofi yako mara mbili tatu, kisha wanalia.

Anayenifundisha namna nyingine ni mama yangu, ingawa ndiye aliyeuliza watoto wameenda wapi. Safari ya kwenda kwake yenyewe ni somo. Matatu kutoka Kitale inapita Kiminini, Kamukuywa, Misikhu na Webuye, na muda wote huo mimi sina kazi. Kifungo cha mkanda wa kiti kinamtosha binti yangu hadi Kiminini. Kutoka hapo anachukuliwa na abiria. Mama wa kiti cha nyuma anajifunika uso kwa leso na kujifunua. Kijana mwenye vifaranga ndani ya katoni anamwonyesha tundu la kuchungulia. Kondakta anamgongea bati kwa pete yake. Kila mmoja anacheza kwa dakika zake chache, anaridhika, anageukia dirisha, na mwingine anaanza. Hakuna anayechoka kwa sababu hakuna anayebebeshwa mchezo wote. Tukikaribia Webuye, vilima vya Chetambe vikiwa juu yetu, gari zima limekwisha kuwa boma.

Sasa mama yangu. Huyu ni kukhu wa mtoto, yaani nyanya yake, na kati ya kukhu na mjukuu kuna utani ambao wazazi hatuna ruhusa nao. Humwita binti yangu mke mwenzake. Anamketisha kwenye karai, anampa mwiko, yeye mwenyewe anachambua mboga za kunde, na kesi inaanza.

"Mke mwenzangu, jana ulikula kwa nani? Mzee amekununulia leso mpya, mimi hata kipande cha sabuni sijaona."

Mtoto anagonga karai kwa mwiko.

"Ati nini? Basi leo utachota maji wewe. Na kuni utaleta."

Baba yangu anapitishwa uani, anashtakiwa mbele ya mtoto, anajitetea. Majirani wanaitwa kutoa ushahidi. Kesi inaweza kwenda hadi kunde ziishe, na nimeona mama akicheka mpaka anafuta machozi kwa ncha ya leso. Mtoto haelewi neno. Lakini hatoi macho usoni kwa kukhu wake, na mwiko unaanguka mahali panapofaa, kama mpiga ngoma anayejua lini mwimbaji atapumua. Nilikaa nikitazama na kujiuliza kwa nini huyu mama wa miaka sitini na kitu hachoki. Jibu lilikuwa mbele yangu: hakuwa anamchezea mtoto. Alikuwa anacheza yeye. Alikuwa na mambo yake na mzee, na ya sabuni, na ya uzee, na alipata mtu wa kuyachezea mbele yake. Mtoto alivutwa na furaha iliyokuwepo tayari.

Niliporudi Kitale nilitafuta changu. Utani wa kukhu siwezi, ni wa kukhu. Nikakusanya chupa ndogo za soda, za plastiki, nikatia nafaka tofauti kila moja: wimbi, mchele, mtama, ndengu, maharagwe, njugu, mahindi. Chupa saba, kwa kuwa litungu, ala ya muziki ya Wabukusu, lina nyuzi saba na nilitaka kujua kama naweza kuzipanga kutoka sauti nyembamba hadi nene. Kila chupa, nilipoiridhia na kabla haijafika mkononi mwa mtoto, niligundisha kizibo chake kwa gundi kali na kukizungushia utepe, na chupa yoyote inayoonyesha ufa inatoka nyumbani siku hiyohiyo. Punje moja ya mahindi au harage likiingia njia ya hewa ya mtoto mdogo linaweza kumuua, na mzazi anayesoma hapa asilipite jambo hilo haraka.

Basi nikaingia katika utafiti ambao ulinila mchana mzima. Wimbi hunong'ona. Mtama na ndengu vinakaribia kufanana, ila ukitikisa polepole ndengu zinateleza na mtama unakwaruza. Chupa iliyojaa nusu ina kelele zaidi kuliko iliyojaa robo tatu, na ukijaza pomoni inakuwa bubu, kwa sababu sauti ni ya punje kupata nafasi ya kurukia. Mahindi yakiwa machache sana, matano au sita, yanasikika moja moja na unaweza kupiga mdundo nayo. Ukiyaongeza unapata mvua. Nilipunguza, nikaongeza, nikafungua ya njugu nikagundua zimemenyuka maganda na maganda ndiyo yaliyokuwa yakizima sauti. Binti yangu alikuwa upande wa pili wa chumba na vibanio vyake. Sikumwita. Alikuja mwenyewe, kwa tumbo, akasimama kwa kushika goti langu, akanyoosha mkono akachukua ya wimbi. Tukapiga. Hakuna aliyekuwa akimburudisha mwenzake. Tulikuwa wawili wenye shughuli moja, na yeye, kwa kupenda ile inayonong'ona, alikuwa na sikio ambalo mimi sikulitarajia kwa mtoto anayependa kugonga karai.

Kitale kuna makumbusho ambayo yalianza kama hazina ya mtu mmoja, Hugh Stoneham, mwanajeshi wa Kiingereza aliyehamia huku na aliyekusanya vipepeo na viumbe wengine. Mwaka 1926 alikuwa na makumbusho yake binafsi. Alifariki mwaka 1966 akiiachia nchi mkusanyiko huo, na mwaka 1974 makumbusho ya umma yakafunguliwa. Huwa nampeleka binti yangu. Ukisimama mbele ya kisanduku cha vipepeo wa aina moja, mwanzoni unaona yule yule amerudiwa. Ukikaa, unaanza kuona kwamba huyu ana doa limesogea, yule ukingo wa bawa umekolea. Mkusanyaji anahitaji wengi wa aina moja kwa sababu hiyo hasa. Nafikiri mtu yule alipata raha ambayo mpita njia hawezi kuipata, nayo haikutoka kwa vipepeo kuwa wa ajabu. Ilitoka kwa kuwatazama mpaka ile hali ya kufanana ikavunjika.

Sitaki kusema kwamba njia hii inafaa kila saa. Kuna jioni ambazo mtoto ana meno yanayoota, stima imepotea, na hakuna chupa duniani itakayokuchangamsha. Kuna mama ambaye amekuwa na mtoto tangu alfajiri, na anachohitaji si udadisi, ni mtu wa kumpokea mtoto. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mama likizo ya miezi mitatu na baba ya wiki mbili, na zote zinaisha kabla mtoto hajaweza kushika kibanio. Baada ya hapo, katika nyumba nyingi za Kitale na Bungoma, anayekaa mkekani ni dada wa kazi. Huyu nimemfikiria sana tangu nianze kushinda nyumbani. Mara nyingi ni msichana aliyemaliza shule juzi, yuko mbali na kwao, na analipwa ili akae ndani ya marudio ambayo mzazi mwenyewe hayawezi kwa saa mbili. Tunamwachia chakula cha mtoto, namba ya simu na orodha ya yasiyoruhusiwa. Ni wangapi kati yetu wanaomwachia ruhusa ya kucheza michezo yake, kuimba nyimbo za kwao, kutoka na mtoto akakae uani na wenziwe wa ploti ya pili? Tukimtaka akae naye ndani peke yake, lango limefungwa, kutwa nzima, tumempa kazi ambayo zamani boma zima liligawana, na jioni tunashangaa kwa nini ameegemea ukuta na simu.

Binti yetu sasa ameanza kusimama bila kushika, na vibanio vinakaribia kustaafu. Kinachofuata ni mpira. Sisi tulikuwa tunaufunga kwa majuala, safu juu ya safu, tukauzungushia kamba ya katani mpaka unadunda. Tangu tarehe 28 Agosti 2017 mifuko hiyo imepigwa marufuku nchini, na vizuri, kwa kuwa mitaro yetu imepumua. Lakini ufundi ule unatafuta malighafi mpya. Ndugu yangu wa Bungoma anashikilia kwamba majani makavu ya mgomba yanatosha, mradi yaloweshwe kwanza. Mimi naona yataoza yakinyeshewa, na nimeweka dau langu kwa soksi kuukuu zilizojazwa vipande vya sponji, na katani juu. Tumekubaliana kila mmoja afunge wake, tukutane kwa mama Jumamosi ijayo, tupige kwenye uwanja wa nyasi nyuma ya nyumba, tuone upi utadunda na upi utabingirika tu. Kamba nimekwisha kununua.